Mwanamke Mwenye Mwanya

"Huyo mwanamke aliyevunja kioo cha gari langu yukoje?" Bwana Shauri, mkuu wa wilaya Mzungu, alimuuliza mkalimani wake kwa Kiingereza.

Kaanaeli alielewa, maana aliwahi kupika misheni. Alikuwa miongoni mwa akina mama walioshuka Same kupinga kodi, na kiganja chake bado kilikuwa na udongo mwekundu wa jiwe alilorusha. Mkalimani alikuwa amemwona akilirusha.

"Mrefu kama mlingoti wa bendera, bwana," mkalimani akajibu. "Mnene, ana mwanya. Mkali, hata mumewe humkimbia."

Kaanaeli, mfupi, mwembamba, mwimba kwaya mpole, akashusha pumzi.

Askari walipotawanyika kutafuta, mkalimani alimpita karibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaushika mkono wa kijana yule kwa mikono yote miwili, akaung'ang'ania, mpaka udongo ukawapaka wote wawili.