Picha ya Juu

Kibibi alipomwonyesha dada yake tovuti yake mpya ya kuuzia halua, Salha aliipitia yote kwa kidole, kisha akarudi kwenye picha ya juu: mikono ya marehemu mama yao ikikoroga halua.

"Ondoa hii, mdogo wangu. Makunyanzi na masizi, nani atatamani kula? Weka maua."

Kibibi akaweka mawaridi, na akashukuru.

Ijumaa mteja akamnyooshea simu dukani. "Mimi nataka iliyokorogwa kwa mkono, kama hii."

Ilikuwa tovuti nyingine. Juu, jina la Salha. Chini yake, mikono ya mama.

Kibibi akampigia dada yake palepale. "Dada, si ulisema picha ile mbaya?"

"Mama ni wetu sote, Kibibi," Salha alijibu, bila hata kusita.

Kibibi akakata simu. Akaikuza picha. Siku ilipopigwa, mama akikoroga, yeye ndiye aliyeishika sufuria, na sasa mkono wake ulikuwa umekatwa pichani. Ukingoni kilibaki kidole gumba tu, kimeng'ang'ania sufuria isiyumbe.