Bisi za Seva

Kidole cha Yating kilining'inia juu ya kitufe. Asubuhi ile alikuwa amefuta kwa bahati mbaya rekodi za njiwa wote elfu tisa wa chama chetu cha mbio za njiwa cha Pingtung, na mashindano yalikuwa saa sita. Ilibaki kurejesha nakala ya akiba, ambayo hatukuwahi kuijaribu.

"Bonyeza, dada!" nikamhimiza.

"Thubutu! Ile pakiti ya kijani iko wapi? Bila bisi zake seva itanuna!"

Kwetu Taiwan mafundi huweka pakiti ya kijani ya bisi, bila kuifungua, juu ya seva ili isigome. Nikafuta makombo mdomoni.

"Mlafi wewe! Kimbia dukani!"

Nikarudi nikihema, nikaiweka pakiti mpya juu ya seva. Akabonyeza.

Rekodi zikaanza kurudi kwenye skrini: njiwa mmoja. Mia. Elfu tisa!

Yating akaruka, akanikumbatia, akairarua pakiti kwa furaha, akajaza mdomo.

Seva ikakohoa.