Eda ya Hollis Abernathy

Mlango wa Nyumba ya Lulu ulifunguliwa kwa kishindo. Wasichana waliobanana mlangoni, kutoka sakafuni hadi juu ya fremu, wakapiga makofi na mayowe kana kwamba wameshinda vita. Hawakuwa wameshinda chochote. Walikuwa wanachagua marafiki.

Hollis Abernathy alisimama kwenye nyasi, jasho la Agosti ya Alabama likimtiririka ndani ya gauni jeupe, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mayowe haya aliyajua. Mwaka jana alisimama papo hapo, na Lulu hawakumtaka. Akaokotwa na Nyumba ya Waridi, akakaa nao wiki chache, kisha akaitupa beji yao mezani na kuondoka kabla ya kula kiapo.

Angekula kiapo angekuwa mtu wao hadi kaburini; ndivyo vilivyo vyama hivi vya kina dada wa chuo. Kwa kuwa hakula, sheria ilimtaka akae mwaka mzima bila nyumba. Ulikuwa kama eda, na kama watalaka wengi, Hollis aliutumia kumsema aliyemwacha.

Mama yake alikuwa wa Lulu, na bibi yake pia. Picha zao zilitundikwa pale kwenye ngazi.

"Safari hii uingie," mama alimwambia kwenye simu. "Ukikosa mara ya pili, mimi kanisani nitaficha wapi uso?"

Ndani, Tinsley, mkuu wa kuchagua wanachama wapya wa Lulu, alimvuta mpaka kwenye kochi na kumpa glasi ya chai baridi yenye sukari ya kung'oa meno.

"Karibu, mpenzi! Jamani, gauni lako! Haya, tuambie ukweli, hapa tuko wenyewe. Waridi uliwaachia nini?"

Mtu mwenye akili angejibu kwa adabu. Hollis aliona masikio yamesogezwa, akafurahi.

"Kwani wale ni watu? Huyo mwenyekiti wao, Raelyn, analia wimbo wa nyumba ukipigwa. Analia akikatwa nywele. Siku moja alilia kuku wa kukaanga walipoisha."

Kochi zima lilicheka. Kesho yake Lulu wakamwita tena, na keshokutwa pia.

"Leta nyingine, shoga," Tinsley alisema, akikaa vizuri.

Hollis akaleta. Raelyn hufanya mazoezi ya kukumbatia watu mbele ya kioo. Raelyn hana rafiki, ana wasikilizaji tu. Raelyn aligombana na mpishi, mpishi akachukua bakuli la mchuzi...

"...akammwagia kwenye viatu vipya," Tinsley akamalizia.

"Kumbe hata huku mnajua!"

"Sisi tunajua mengi, mpenzi."

Nyumba nyingine zilimkata moja baada ya nyingine. Nani anataka mtalaka mwenye mdomo? Zikabaki mbili tu: Lulu, na, ajabu kubwa, Waridi.

"Hawana hata haya," alimwambia Perrin, dada aliyepewa kazi ya kuongoza kundi lake la waombaji. "Nimewatema, bado wananifuata."

"Labda wamekusamehe."

"Wapumbavu husamehe upesi."

Siku ya mwisho alizitembelea zote mbili. Kwa Waridi, Raelyn alimshika mikono mbele ya mshumaa. "Tulikukumbuka sana, Hollis. Nyumbani kwako ni hapa." Hollis aliyatazama machozi yakichora mifereji kwenye poda, akajizuia asipige mwayo. Kwa Lulu, Tinsley alimkumbatia na kumnong'oneza, "Kesho, mwenzetu."

Kisha Perrin akampa kadi ya kuandika chaguo lake.

"Andika zote mbili. Ukiandika moja na wasikutake, huna kitu. Ila ujue, ukishasaini umefungwa. Ukiikataa nyumba itakayokupata, ni mwaka mwingine wa kungoja. Na msichana wa mwaka wa tatu, nakwambia kweli, hakuna anayemtaka."

Hollis aliandika Lulu kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika Waridi, kama mtu anayetupia tairi kuukuu kwenye buti, akasaini.

Asubuhi iliyofuata waombaji walikaa uwanjani wakiwa wamezikalia bahasha zao za majibu, kama desturi inavyotaka, watu wazima na akili zao, mpaka kengele ilipolia. Nyuma ya kamba mama yake alisimama na simu juu, amevaa mkufu wake wa zamani wa Lulu.

Hollis alichana bahasha. Akasoma. Akageuza karatasi kuangalia upande wa pili.

"Kuna makosa hapa," alisema.

"Hamna makosa," Perrin alimjibu taratibu. "Ni kompyuta inayolinganisha. Wao wanakupanga, wewe unawapanga. Lulu hawakukuweka juu vya kutosha."

Ng'ambo ya uwanja, Tinsley alikuwa akipokea wapya wake. Macho yake yalipita juu ya kichwa cha Hollis kama yanavyopita juu ya uzio. Mama aliteremsha simu polepole, akaitia mkobani.

Kukataa kulikuwa na maana ya kubaki bila nyumba, na safari hii daima. Hollis aliwatazama Waridi waliokuwa wakimpungia. Wapumbavu, sawa, alijisemea, lakini angalau wapumbavu wanaonipenda. Akavuka uwanja.

Raelyn alimkimbilia mikono wazi, machozi yakimtoka, wapiga picha wakimfuata. Akamkumbatia kwa nguvu, akamwekea mdomo sikioni. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Tabasamu, shoga, tunapigwa picha. Lulu walikukata siku ya kwanza; mimi ndiye niliyemwomba Tinsley akubakize kwenye orodha mpaka usaini."