Nafasi Chini ya Tarehe

Bi Mwanahawa aliketi, akasimama, akaketi tena. Kompyuta yake ya kuchapia mitihani ilikuwa wazi mezani, na fundi Kombo alikuwa akiipuliza vumbi.

"Madabodi imechoka," alisema fundi, akigusa ubao mkubwa wa kijani. "Nikiweka mpya, ramu na prosesa yako hazitaingia, itabidi tubadilishe zote. Nikiitengeneza hii, labda itakusogeza mwaka."

"Na itaganda tena?"

"Itaganda, bibi. Sikufichi."

"Basi weka mpya." Akanyanyuka. "Hapana, ngoja kwanza."

Pembeni mwa ubao kulikuwa na tarehe tano na jina moja, Shamte, kwa wino mweusi. Ndivyo mafundi wanavyotia alama kila wanapotengeneza kitu. Marehemu mumewe, fundi naye, hakuruhusu mkono mwingine uiguse. Chini ya tarehe ya mwisho palibaki nafasi ya mstari mmoja.

"Tengeneza hiihii," alisema.

Kombo alipomaliza kuchomelea, alichukua kalamu atie alama yake. Bi Mwanahawa akamnyang'anya. Aliandika tarehe ya leo polepole, akafika mahali pa jina, na kalamu ikabaki hewani.