Kaa Wawili Kwenye Tangi

Kaa wangu dume aligonga kombe la konokono ambalo mwenzake aliishi ndani yake, akaligonga tena, mpaka jike akachomoza nusu. Wakagusanisha matumbo yao laini, yasiyo na gamba.

Nilikuwa nimeusubiri wakati huo kwa miezi. Niliinama juu ya tangi la kioo sebuleni, nimebana pumzi.

"Hata kaa wanatafuta mtoto humu ndani, wifi!" dada wa mume wangu alisema nyuma yangu. "Wewe je?"

Mume wangu, pale kwenye kochi, akacheka.

Damu ilinichemka. Miaka yote nimemeza maneno ya ndugu zake ili nimsitiri, leo naye anacheka!

Nilimgeukia yeye.

"Mwambie dada yako, daktari alisema tatizo liko kwa nani."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Wifi akamtazama kaka yake.