Domo la Bata

Ndege wa kushoto alikuwa na jicho shingoni.

Bi Sindano alisimama mbele ya kioo cha duka, mfuko wa vitunguu mkononi, damu ikimpanda kichwani. Foronya nyeupe, ndege wawili wamegusanisha midomo, tawi la majani tisa juu yao. Mchoro ule aliuchora yeye, kwa ajili ya harusi ya bintiye, na harusi yenyewe haikufika. Tangu wiki waliyomzika binti huyo, miaka saba sasa, hakuwa ameshika sindano. Hakuwa amepandisha sauti wala kucheka. Kila alichoambiwa alijibu "sawa".

Siku hiyo hakusema sawa.

"Mwizi!" aliingia nyumbani akifoka. "Kidoti ameniibia mchoro wa mwanangu! Nimemfundisha kudarizi tangu hajui hata kutunga uzi, leo amefungua duka ananitundikia uchafu dirishani!"

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliendelea na chai yake. Vidole vitatu vilikuwa na plasta, maana cheche za kazi hazikumwacha salama. "Achana naye, mke wangu. Wewe na sindano mlishaachana. Nani atajua?"

"Mimi nitajua!"

Alilivuta sanduku kutoka uvunguni kwa kishindo. Karatasi ya mchoro ilikuwa juu kabisa ya nyuzi. Hakukumbuka kuiweka hapo, ila hasira haikumpa nafasi ya kuwaza. Vidole vilikuwa vigumu kama vijiti. Mshono wa kwanza ulikwenda upogo, akaufumua huku akimtukana Kidoti. Wa pili nao upogo, akamtukana mama yake Kidoti, mwanamke wa watu asiye na kosa lolote.

Siku ya nne ndege wake walikuwa na macho mahali pake. Akaenda asubuhi, akaibandika foronya yake nje ya kioo cha duka, mbele ya wapita njia, akaondoka bila salamu.

Wiki iliyofuata, dirishani pakawa na kitambaa cha meza. Ndege walewale. Safari hii mmoja alikuwa na miguu mitatu.

"Ananicheka!" alipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Ananichezea shere!"

"Yaishe basi," mumewe alisema. "Macho yako si ya kazi hizo tena."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ile miguu mitatu. Alishona kitambaa kikubwa mara mbili ya kile, akakipeleka nacho. Sebule ikajaa vipande vya uzi. Majirani wakaanza kumsikia tena, akigombana na mkasi, akigombana na taa, na jioni moja akicheka peke yake kwa sababu ndege mmoja alimtoka na makalio kama ya Kidoti.

Wiki ya tano ilitundikwa shuka. Ndege hawakuwa na mabawa. Walifanana na kuku walionyonyolewa tayari kwa sufuria.

Bi Sindano hakurudi nyumbani kuchukua sindano. Aliingia dukani moja kwa moja.

"Yuko wapi anayeshona upuuzi huu?"

Kidoti alikimbilia mlango wa chumba cha nyuma, akatanua mikono. "Mwalimu, nakuomba, usiingie huko. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Mwizi mwenzako?"

"Mwalimu, shikamoo kwanza..."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nipishe!"

Alimsukuma kwa bega, akalivuta pazia karibu kulichana.

Mumewe alikuwa ameinamia fremu, miwani imemshuka puani, anatunga uzi kwa tabu. Redio ilikuwa ikivuma pembeni yake, hakugeuka.

"Kidoti, mwanangu," alisema, "hebu mtazame huyu. Nimempa domo la bata. Hapo atakasirika, au niongeze?"