Chupa ya Nane

"Hata maji ya mkono wake sinywi!" mama mkwe alisema, akageukia ukutani. "Mtoeni huyo muuaji."

Mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti lake la maabara, akatoka. Hakukasirika, wala hakulia. Wiki ya sita hii tangu ajali, mwili wake alikuwa akiuvaa kama nguo ya kuazima. Usukani ulikuwa mikononi mwake, mume akafa, yeye akatoka bila hata mkwaruzo. Aseme nini tena?

Daktari alimfuata kwenye korido.

"Dawa alizomeza zimefagia tumbo zima, bakteria wabaya na wazuri. Siku ya kumi na mbili anaharisha. Tusipomrudishia wale wazuri, hafiki Ijumaa."

"Chupa zipo mbili."

"Na yoyote ingefaa. Lakini umemsikia mwenyewe. Ya mwanawe, au tumwache afe."

Mwaka uliopita hospitali ilitafuta watu wenye matumbo mazima wachangie choo, ili bakteria wake wakuzwe kwa ajili ya wagonjwa. Mume na mke walipimwa siku moja, wakafaulu wote wawili. Mume alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, hatimaye nina kitu cha kuchangia!" Akapewa namba nane, mke akapewa tisa.

Siku ya mazishi, mke alitoka makaburini akaja moja kwa moja maabara. Aliishusha chupa ya nane, akaifungua, akakaa nayo mapajani mpaka jua likazama. Mlinzi alipogonga, aliifunga akairudisha kwenye rafu. Hata siku ile chozi halikumtoka.

"Utaweza kuachana nayo?" daktari aliuliza.

"Ilishaniacha."

Akaenda kazini. Mikono aliiingiza kwenye glavu ndefu za sanduku la kioo, lililozibwa lisiingie hata chembe ya hewa, maana hewa hii tunayoivuta bure ndiyo inayowaua bakteria hao. Alijaza vidonge thelathini, kimoja kimoja, bila haraka.

"Ni vya mwanao, mama," alisema aliporudi wodini.

Mama mkwe alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akapokea kwa viganja viwili, akabusu cha kwanza, akakimeza. Maji alipewa na nesi.

Siku ya tatu kuharisha kulikoma. Siku ya tano mama alikuwa ameketi kitandani anadai chakula, na juu ya hayo anagomba kwamba kimepoa.

"Mwanangu yumo humu," alimwambia mkwewe, akijipapasa tumbo. "Amekuja kuniponya mwenyewe. Damu yangu haikunitupa, si kama wewe uliyenipokonya."

"Ndiyo, mama."

"Na usidhani nimekusamehe. Maji yako sinywi, unasikia?"

"Nasikia, mama."

Akachukua kikopo kitupu cha vidonge, akashuka maabara. Alikaa kidogo akiitazama rafu. Kisha akafungua daftari, na mbele ya jina la mama mkwe, kwenye nafasi ya mchangiaji, akaandika namba yake mwenyewe, tisa. Chupa ya nane, iliyokufa tangu siku ya mazishi, akaitupa.